Kuua Muswada Bila Kuupigia Kura

Miswada mingi katika Bunge la jimbo la Texas hufa bila hata mjumbe mmoja kuipigia kura ya hapana. Mwaka 2023 iliwasilishwa zaidi ya 8,000 pale Austin, na iliyopita mabaraza yote mawili ilikuwa kama 1,200. Sehemu kubwa ya iliyobaki haikushindwa kwa hoja. Ilikwama kwenye kamati, au ilipangwa chini mno kwenye orodha ya shughuli, saa sita ya usiku ikaikuta bado inasubiri kuitwa. Wapo wanaoona huo ni uzembe wa watu wanaolipwa kodi za wananchi. Mimi naona ufundi, tena wa watu wa aina tatu: wanaoua, wanaookoa, na wanaokaa katikati yao na kitabu cha kanuni mkononi.

Chanzo cha yote ni uhaba wa siku. Katiba ya Texas ya mwaka 1876 iliandikwa na watu waliochoka na serikali yenye nguvu, na dawa yao ilikuwa kuinyima muda na fedha. Bunge hukutana kwa kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, katika miaka ya namba witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, na kikao hakiruhusiwi kuzidi siku 140. Wajumbe 150 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 31 hulipwa dola 600 kwa mwezi na posho ya siku za kikao, kwa hiyo wengi wao wana kazi nyingine zinazowangoja nyumbani. Siku 60 za mwanzo ni za kuwasilisha miswada na kuunda kamati. Gavana asipotangaza jambo fulani kuwa la dharura, hakuna kikubwa kinachopita. Ukiwa na haraka, Texas si mahali pako.

Kisha inakuja Mei, na kanuni zinaanza kufunga milango. Siku ya 119 ni ya mwisho kwa kamati za Baraza kutoa taarifa juu ya miswada ya Baraza lenyewe. Siku ya 122, saa sita usiku, muswada wa Baraza ambao haujasomwa mara ya pili umekwisha. Siku ya 134 ni zamu ya miswada iliyotoka Seneti. Siku ya 139 ndiyo ya mwisho kupitisha taarifa za kamati za upatanishi. Siku ya 140 haipitishi kitu tena. Ni ya kusahihisha makosa ya uandishi, kupiga picha na familia na kuagana.

Orodha inayoamua nani atawahi inapangwa na Kamati ya Kalenda, na lazima isambazwe saa 36 kabla ya kujadiliwa. Ukiiona siku ya 120 usiku, ukakuta muswada wako uko wa mia na kitu, huhitaji kuambiwa. Hakuna aliyekukataa. Mwenyekiti wa kamati yako anaweza hata kukupongeza kwa kazi nzuri.

Usiku wa siku ya 122 unastahili kutazamwa na mtu asiye na haraka. Mwenye muswada husimama kwenye maikrofoni ya mbele, wenye maswali kwenye ya nyuma. Wakati wa kura, wajumbe wanaofahamu muswada huinua mikono ili wenzao walio mbali waone: kidole kimoja ni ndiyo, viwili ni hapana. Bango la kura linawaka kijani na nyekundu. Shughuli inakwenda vizuri hadi anapojitokeza mjumbe kuuliza swali la upole juu ya muswada wa wilaya ndogo ya maji ambao hauna mpinzani hata mmoja. Anajibiwa. Anashukuru. Ana swali la nyongeza. Muda wa maswali ukiisha, mwenzake ana wasiwasi kidogo juu ya mipaka ya wilaya hiyo, naye ana dakika zake 10. Hakuna aliyepandisha sauti, wala anayeonekana kupinga kitu. Lakini mwenye muswada ulio nafasi ya 40 keshaanza kutazama saa, maana anajua kuwa shabaha haiko kwenye maji.

Mwaka 2009 Wademokrati walifanya hivyo karibu siku tano mfululizo, wakijadili kwa unyenyekevu mkubwa miswada midogo isiyo na ubishi, ili muswada wa kitambulisho cha mpiga kura usifikiwe. Haukufikiwa. Pamoja nao vilianguka vitu vingi visivyohusika, ukiwemo muswada wa kuendeleza uhai wa idara ya barabara, ambayo ilikuwa inakaribia ukomo wake wa kisheria, na gavana akalazimika kuita kikao maalumu mwezi Julai.

Muswada wa kitambulisho ulirudi mwaka 2011, ukiitwa SB 14, na hapo ndipo unapoweza kuitazama kwa karibu kazi ya mwindaji wa makosa. Kila muswada unaotoka kamatini Texas huandamana na makaratasi: uchambuzi unaoeleza kwa lugha nyepesi muswada unafanya nini, makisio ya gharama, orodha ya mashahidi waliofika na walikuja kwa niaba ya nani. Makaratasi hayo yanatakiwa yawe sahihi. Trey Martinez Fischer, mjumbe wa San Antonio, alikuwa mtu wa kuyasoma. Muswada ulimpa muda mpiga kura asiye na kitambulisho arudi kukionyesha baada ya kupiga kura. Martinez Fischer akaweka uchambuzi kando ya muswada, akaona kuwa katika kuuhesabu muda huo karatasi moja inasema siku za kalenda na nyingine inasema siku za kazi. Neno moja tu. Akasimama na hoja ya utaratibu, na muswada ambao gavana mwenyewe alikuwa ameutangaza kuwa wa dharura ukarudishwa kamatini.

Hiyo ilikuwa Machi. Makaratasi yakasahihishwa, muswada ukarudi, na wiki hiyohiyo ukapita. Pigo hilohilo lingepigwa siku ya 121 au 122, lingeua, kwa sababu muda wa kurudi kamatini na kutoka tena usingekuwepo. Mchezaji hodari wa bao haangalii sana shimo analochota. Anaangalia kete ya mwisho itaangukia wapi. Mwindaji mzuri wa makosa naye huligundua kosa Aprili, akanyamaza nalo.

Kunyamaza huko ndiko ninakokuhusudu zaidi katika kazi yote hii. Mgeni akiona kosa hulitangaza papo hapo, na mwenye muswada huomba shughuli iahirishwe, akarekebisha. Mzoefu huja na makosa matatu, akatoa la kwanza ambalo ni hafifu ili apime mwenyekiti amekaaje siku hiyo. Au halitoi hata moja. Humfuata mwenye muswada kwenye meza yake, akamwonyesha karatasi iliyopigiwa mstari, akamwambia kuwa kifungu cha nne kikiondoka, karatasi itabaki mfukoni. Muswada unapita ukiwa na vifungu vitatu. Kwenye kumbukumbu rasmi za siku hiyo hakuna alama yoyote ya kilichotokea, na ukiuliza, wote wawili watakwambia kuwa ni marafiki.

Anayefuatilia Bunge la Dodoma anaijua sauti ya "kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika." Kule Dodoma mara nyingi inamlenga anayezungumza: amesema uongo, ametukana, ametoka nje ya mada. Austin inalenga karatasi. Ikitolewa, kipaza sauti kinakaa kimya, wanasheria wa pande mbili wanamzunguka mshauri wa kanuni karibu na kiti cha Spika, vitabu vinafunguliwa, na ukumbi mzima unangoja. Mshauri huyo hachaguliwi na wananchi na wachache nje ya jengo wanamjua. Kazi yake ni kukumbuka Spika wa miaka 30 iliyopita aliamua nini kwa kosa la namna hii, kisha kumnong'oneza Spika wa leo jambo ambalo huenda halipendi. Tena saa inatembea wakati yeye anasoma, na pande zote mbili zinalijua hilo.

Seneti ina ufundi wake, wenye utani zaidi. Mwanzoni mwa kila kikao seneta mmoja hupeleka muswada usio na madhara, kwa mfano wa kuzipamba bustani za wilaya, ukapitishwa haraka kamatini ili ukae wa kwanza kwenye orodha. Kisha hauguswi. Hakuna anayetaka upite. Mwenyewe aliyeuandika hataki upite. Kazi yake ni kuziba njia. Kwa kuwa kanuni zinataka miswada ichukuliwe kwa mpangilio wa orodha, na huo wa kwanza hausogei, kila muswada mwingine unahitaji Seneti itengue mpangilio kwanza, na kutengua kunahitaji kura zaidi ya nusu. Kwa miongo mingi zilihitajika theluthi mbili, yaani maseneta 21 kati ya 31, kwa hiyo chama kidogo chenye watu 11 kilikuwa na sauti. Luteni Gavana Dan Patrick, anayeongoza Seneti, alipoingia mwaka 2015 kiwango kilishushwa hadi 19, na mwaka 2021 kikashushwa hadi 18, mara tu Warepublican walipobaki 18. Ufundi wa bustani ungalipo, ila umenolewa upya ukate upande mmoja. Unaweza kuichukia hesabu hiyo na bado ukakubali kuwa aliyeifanya anajua kuhesabu.

Sisifu kila kitu. Mwaka 1997, karibu na sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, mjumbe wa Baraza Arlene Wohlgemuth alikasirishwa na kukwama kwa muswada wa kutaka wazazi wajulishwe binti yao mdogo anapotaka kutoa mimba. Akatoa hoja ya utaratibu dhidi ya kalenda yenyewe, na zaidi ya miswada 50 ikaanguka kwa pigo moja. Kama mbinu, ni safi ajabu. Lakini miswada mingi kati ya hiyo haikuwa na ugomvi naye.

Mei 2017 ilitokea kubwa zaidi. Kundi la wahafidhina katika Baraza liliona miswada yao haipangwi. Alhamisi ya siku ya 122 wakavuta muda hadi saa sita usiku, ukafa muswada wa kuendeleza uhai wa baadhi ya taasisi za serikali, ikiwemo bodi inayotoa leseni za madaktari. Kesho yake wakageukia kalenda ya miswada ya ndani isiyo na ubishi. Kanuni ya kalenda hiyo ni kuwa wajumbe watano wakipinga muswada, unaondolewa. Watano walipatikana kwa urahisi, na zaidi ya miswada 100 ikaondolewa siku mbili kabla ya Siku ya Kina Mama. Mmojawapo ulihusu vifo vya wajawazito weusi. Hapo sioni fundi. Naona mtu mwenye nyundo. Pigo la Alhamisi lilikuwa jingine: bodi ya madaktari isingeweza kuachwa ife, kwa hiyo gavana angelazimika kuita kikao maalumu, na kwenye kikao maalumu ni gavana anayepanga ajenda. Julai kikaitwa, chenye mambo 20, na kati yake yalikuwemo waliyoyataka. Aliyepanga hayo aliona mbali sana.

Katika wiki hiyohiyo kuna mtu ninayemweka juu ya wote hao. Helen Giddings wa Dallas alikuwa na muswada mdogo kuhusu watoto wa shule ambao akaunti zao za chakula zimekwisha fedha. Katika baadhi ya shule mtoto wa namna hiyo alinyang'anywa sinia la chakula cha moto mbele ya wenzake, akapewa kipande cha mkate chenye jibini kilichopoa, na foleni nzima ikajua kwao hakuna fedha. Giddings alitaka shule ziwape wazazi muda wa kulipa kabla ya kumwaibisha mtoto. Muswada ulikuwa kwenye kalenda isiyo na ubishi. Wajumbe watano wakapinga. Ukaondolewa, na siku za kuurudisha kwenye kalenda ya kawaida hazikuwepo.

Giddings akazungumza barazani kwa uchungu, na wajumbe wa vyama vyote wakamsimamia. Magazeti yaliandika habari ya hotuba hiyo. Yaliyofuata ndiyo kazi yenyewe, na hayakuandikwa sana. Mtu aliyepoteza muswada siku hizo huanza kutafuta muswada ulio hai ambao unaweza kuubeba wake mgongoni. Masharti si madogo. Uwe umetoka Seneti, maana milango ya Seneti ingali wazi. Kichwa chake kiwe kipana vya kutosha, kwa sababu kanuni za Texas haziruhusu marekebisho yasiyohusiana na mada, na mwindaji wa makosa angali ukumbini. Mwenye muswada huo akubali mzigo usio wake. Na gavana asiwe na sababu ya kuuchukia. Ulipatikana SB 1566, uliohusu mamlaka ya bodi za shule. Bodi ya shule ndiyo inayopanga taratibu za malipo ya chakula, kwa hiyo mada ilishikana bila kulazimishwa. Maneno ya Giddings yakaingia humo, yakapita, na leo ni kifungu cha 33.908 cha Sheria ya Elimu ya Texas. Ukikisoma ni aya fupi tu.

Wajumbe wanapenda kusema kuwa hakuna kilichokufa hadi rungu la mwisho. Kauli hiyo wengi huitamka kujipa moyo. Giddings aliifanyia kazi.

Siku za mwisho kabisa ni za wasomaji wa safu. Muswada ukipita mabaraza yote mawili kwa maneno tofauti, huundwa kamati ya upatanishi yenye wajumbe watano kutoka kila upande, na taarifa yake huambatana na jedwali: maneno ya Baraza, maneno ya Seneti, na yaliyokubaliwa. Kamati hairuhusiwi kugusa mahali ambapo pande mbili hazikutofautiana. Ikigusa, lazima azimio litaje kila mahali palipoguswa. Kwa hiyo usiku wa siku ya 138 kuna vijana, wengi wao wasaidizi waliomaliza chuo juzi, wanaopitisha rula chini ya kila mstari wa safu tatu wakitafuta kitu kilichotokea safu ya tatu bila kuwepo kwenye mbili za kwanza. Wakubwa wao wanazungumza na waandishi wa habari nje. Ningepewa nafasi ya kukaa nyuma ya mmoja wa pande hizo mbili, ningekaa nyuma ya rula.

Watu wanaokumbuka jambo moja tu kuhusu Bunge hilo hukumbuka Juni 2013, Seneta Wendy Davis akisimama kwa viatu vya pinki akizungumza kwa karibu saa 11 dhidi ya muswada wa utoaji mimba. Katika Seneti ya Texas mzungumzaji wa namna hiyo haketi, haegemei, hali, na hatoki nje ya mada. Moja ya makosa matatu aliyohesabiwa lilikuwa kusaidiwa na seneta mwenzake kufunga mkanda wa mgongo. Alisimamishwa kabla ya saa sita usiku, ukomo wa kikao hicho maalumu, na kelele za watu waliojaa juu kwenye roshani ya wageni zikala dakika zilizobaki. Lakini kilichouua muswada usiku ule kilikuwa tarehe. Kumbukumbu ya kura ilionyesha 26 Juni, baadaye ikabadilishwa kuwa 25, watu waliohifadhi picha ya ile ya kwanza wakazilinganisha, na ilipokaribia alfajiri Luteni Gavana David Dewhurst akakiri kuwa kura ilichelewa. Wakarudi Julai kwenye kikao kingine, ukapita.

Baada ya rungu la siku ya 140 mchezo unahamia ofisi moja. Kikao kikiwa kinaendelea gavana ana siku 10 za kusaini au kukataa, na asipofanya lolote muswada unakuwa sheria. Kikao kikiisha anapata siku 20, na safari hii akikataa hakuna Bunge la kumpinga, maana wajumbe wamerudi makwao. Mjumbe mjanja hujitahidi muswada wake ufike mezani mapema ili gavana aamue huku mabaraza yangali yamekaa. Wengi hawawezi, na mara ya mwisho Bunge la Texas kulitengua katazo la gavana ilikuwa 1979. Siku hizo 20 huangukia karibu na Siku ya Kina Baba. Mwaka 2001 Gavana Rick Perry alikataa miswada zaidi ya 70 katika siku hiyo moja. Mwaka 2023 Gavana Greg Abbott alikataa 76, na kwa kadhaa aliandika sababu isiyohusu muswada wenyewe: itazamwe upya baada ya suala la kodi ya nyumba kumalizwa.

Mwaka 2025 kipaumbele cha Dan Patrick kilikuwa SB 3, wa kupiga marufuku bidhaa za katani zenye kilevi cha THC, ambazo maduka yake yalikuwa yameenea jimbo zima. Ulipita mabaraza yote mawili. Abbott alikaa nao hadi Jumapili ya 22 Juni, siku ya mwisho, na akaukataa dakika chache kabla ya saa sita usiku, akaita kikao maalumu cha 21 Julai ili suala hilo lianze upya kwa masharti yake. Mwezi Agosti zaidi ya Wademokrati 50 wakaondoka jimboni kwa ugomvi mwingine kabisa, wa mipaka ya majimbo ya uchaguzi, na akidi ya Baraza, ambayo ni wajumbe 100, ikakosekana kwa wiki mbili. Seneti iliipitisha marufuku hiyo tena, ikaipeleka upande wa pili. Kikao maalumu cha pili, kilichofuata hicho, kilipofungwa mwanzoni mwa Septemba, ilikuwa bado kule.